Kuweka jina langu kwenye kitabu nilichonunua na ruhusa yake

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Mbagala. Nilinunua mtandaoni kitabu cha kupunguza unene, kimeuzwa na ile haki wanayoiita PLR, kwamba mnunuzi anaweza kukibadilisha na kukiuza kwa jina lake. Nimekitafsiri, nakiuza WhatsApp kwa shilingi 5,000. Ndani mwandishi anasema alipungua kilo 20, nami nimeacha hivyohivyo. Sasa kuna mtu Kariakoo anauza hichohicho. Je, pesa yangu ni halali? Na yeye amenidhulumu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Umefanya vyema kuuliza.

Hakimiliki ni ya aliyetunga. Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda tangu anapoandika, hata asiposajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walipokutana Kuwait mwaka 1988 nao waliamua kuwa haki za watunzi zinalindwa na sharia, haifai kuzivamia.

Ulichonunua wewe si hakimiliki hiyo. Kwa kawaida PLR ni ruhusa tu: mali inabaki kwa mwenyewe, na wanaouziwa ruhusa ni wengi. Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu wako kwenye masharti yao, basi rudi ukaisome leseni. Nyingine zinakataza kugawa bure, nyingine zinakataza kumuuzia mtu ruhusa yenyewe. Kutafsiri nako ni haki ya mtunzi. Kama leseni haikutaja, mwandikie aliyekuuzia.

Wa Kariakoo, kama naye alinunua ruhusa na akatafsiri mwenyewe, hakukudhulumu. Akiwa amechukua Kiswahili chako neno kwa neno, hapo amekula jasho lako, na una haki ya kudai.

Linalonikosesha raha ni zile kilo 20. Mtu akinunua unga kiwandani Manzese akaupakia kwenye mifuko yenye chapa yake, hakuna aliyedanganywa, maana mlaji anataka unga. Anayenunua kitabu chako anakuamini wewe. Anasoma "nilipungua", anaona jina lako, anadhani ni mwili wako unaozungumzwa, na kesho anaacha kula kwa kukufuata. Mtunzi anaweza kukuruhusu utumie maneno yake; hawezi kukuruhusu umdanganye mtu wa tatu. Mtume (s.a.w.) amesema anayejionyesha kuwa na asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo, na Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim.

Leseni ikiruhusu, biashara yenyewe ni halali. Lakini futa ushuhuda huo leo, na kwenye jalada andika "kimetafsiriwa na kutayarishwa na", kisha jina lako. Waliokwisha kununua una namba zao: waambie ukweli, na anayesema alinunua kwa ajili ya zile kilo 20, mrudishie shilingi 5,000 yake.