Kitambaa cha machela kwa mtu wa kilo 95

Ndugu, umeuliza kama nailoni ya gramu 35 kwa mita ya mraba itafaa kushonea machela ya kulalia kambini, nawe una kilo 95. Mimi ningeiacha. Hata isipochanika, itavutika usiku kucha, na alfajiri utajikuta umezama katikati, mabega yamebanwa. Tafuta ya gramu 55 hadi 65, iliyofumwa kwa kubana. Kama tayari umenunua hiyo nyepesi, ishone tabaka mbili.

Nailoni huvutika na kuukumbatia mwili, lakini hufyonza maji na kulegea penye unyevu. Poliesta hulegea kidogo tu. Kwa anayependa kulala kimshazari ili mgongo unyooke, kwa kweli naipendelea poliesta. Kabla ya kukata, vuta kitambaa kwa mikono miwili kila upande. Upande usiovutika sana ndio uwe urefu wa machela. Usikate kwa ulalo kamwe.

Kamba za kutundikia machela nazo usizikaze mno. Zikiinama kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila moja hubeba mzigo sawa na uzito wako mzima. Zikiinama nyuzi 15 tu, mzigo hukaribia maradufu.