Mikono inaniwasha kila baada ya harusi: ni sabuni au ni piko?

SWALI

Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Unguja, napaka hina na piko, na huu ni mwaka wa saba. Tangu Idi iliyopita vidole vinaniwasha sana, vinatoka vipele vidogo vya maji, halafu ngozi inachubuka na kupasuka. Mara inapoa, mara inarudi. Sasa imepanda mpaka kifundo cha mkono, na wiki iliyopita niliamka kope zimevimba. Duka la dawa walinipa tyubu wakaniambia ni fangasi. Nikipaka napata nafuu siku nne tano, nikiacha narudi pale pale. Nimeanza kuvaa glavu nyeupe za hospitali, sioni tofauti. Shoga zangu wanasema ni sabuni ya kufulia, wengine wanasema ni husda. Huu ni ugonjwa gani, na unaambukiza? Nitaweza kuendelea na kazi? Mwezi ujao nina maharusi watatu.

JIBU

Waalaykumu ssalaam dada. Unachokieleza si ugonjwa wa kuambukiza. Unaweza kumshika mtoto, kupika, kula na watu sinia moja. Husda siwezi kuipima. Piko inapimika, na ndiyo ninayoishuku kwanza. Mikono yako sijaiona, kwa hiyo yachukue haya kuwa ni maelezo ya kukufikisha kliniki ukijua la kusema, si mbadala wa kliniki.

Hina na piko hukaa kwenye kikapu kimoja lakini hazina udugu. Hina ni majani yaliyosagwa. Rangi yake ni ya machungwa inayokolea mpaka hudhurungi, inataka saa kadhaa ngozini, na haiwi nyeusi hata uifanyeje. Piko ni rangi ya nywele. Ule unga mweusi unaoukoroga kwenye kisahani una kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, ambayo imetumika kutia nywele weusi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 inapopakwa kichwani, na kuipaka ngozini kama pambo hakuruhusiwi kabisa. Kwenye kisahani chako hakuna anayepima. Maabara zilizochunguza hiyo inayoitwa hina nyeusi katika nchi mbalimbali zimeikuta PPD kwa zaidi ya asilimia 10. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliichagua PPD kuwa kizio cha mwaka, yaani kitu kinacholeta mzio, na sifa hiyo iliistahiki.

Najua utauliza: mbona miaka sita sikudhurika? Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, hauzaliwi nao, mwili unajifunza. PPD ni kitu kidogo sana, kinapenya ngozi bila kuonekana. Ikikutana na hewa inaanza kubadilika, na katika kubadilika huko hunata kwenye protini za ngozi. Chembe za kinga huiona kuwa mgeni na kuiweka kwenye kumbukumbu. Kwa mtu mmoja hilo linatokea baada ya kupakwa mara moja tu, kwa mwingine baada ya miaka ya kuishika kila wiki. Likishatokea halifutiki. Tangu siku hiyo kila ukiigusa, ngozi inawaka baada ya siku moja mpaka tatu.

Kuchelewa huko ndiko kunakowapoteza watu. Unapaka piko Alhamisi usiku, Ijumaa yote uko kwenye shughuli, mwasho unaanza Jumamosi. Ukifika Jumapili mikono imo kwenye beseni la nguo, na hapo ndipo sabuni inapobeba lawama. Chukua kalenda ya ukutani, utie alama siku ulizopaka piko, siku ulizopaka hina tupu, na siku mwasho ulipoanza. Mwezi mmoja wa alama hizo utamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Sisemi kwamba sabuni haina lake. Maji mengi, sabuni kali na dawa za kung'arisha nguo huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuleta ukavu unaochoma, na ngozi iliyopasuka inaipitisha PPD kwa urahisi zaidi. Lakini madhara ya sabuni huwa yanaunguza zaidi kuliko kuwasha, huja mapema, na hubaki pale pale palipogusa sabuni. Mzio unawasha mpaka usiku unakosa usingizi, unatoa malengelenge, na haukai mahali pamoja. Wewe umeshapanda mpaka kwenye kifundo.

Hebu itazame mikono yako mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Anza na ule unaoshika kijiti. Kama kidole gumba, cha shahada na cha kati vimeumia zaidi, hasa ubavuni na kwenye ncha, ujue ngozi imechora jinsi unavyofanya kazi. Uugeuze. Mgongo wa mkono na katikati ya vidole ngozi ni nyembamba, kwa hiyo huko ndiko wekundu na vipele vya maji hujaa. Kiganja ni kigumu, huvumilia zaidi. Kisha tazama ule mwingine, unaomshikia bibi harusi mkono wake: huo mara nyingi huwa na vidonda vya ncha za vidole tu. Fangasi haifuati kazi ya mtu namna hii. Fangasi ya mkono aghalabu hushika kiganja kimoja, inakuwa kavu yenye unga mweupe kwenye mistari ya kiganja, inakwenda polepole, na ukitazama miguu utaikuta huko nako. Upele nao huwasha katikati ya vidole, ila huwasha zaidi usiku, hushuka kitovuni na sehemu za siri, na wenzako wa nyumbani nao hujikuna.

Kope zilizovimba ndizo zilizonifanya niache kusitasita. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote. Chembe kidogo ya unga iliyobaki kwenye kidole, ukajifuta jicho, inatosha kuivimbisha hata kama kidole chenyewe hakikuonyesha kitu. Unga ukipeperuka unapofungua kopo nao hufika usoni. Ikitokea tena uso ukavimba sana, ukakosa pumzi au midomo ikaumuka, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Sasa hiyo tyubu. Tyubu nyingi za maduka yetu ya dawa zinachanganya vitu vitatu: dawa ya fangasi, antibaiotiki na steroidi kama betamethasoni. Nafuu ya siku nne tano inatoka kwenye steroidi, ambayo hutuliza mzio. Haithibitishi kwamba ni fangasi. Tazama pia kama imeandikwa neomaisini. Hiyo antibaiotiki yenyewe ni kizio kinachojulikana, na nimeona mikono iliyougua mara ya pili kwa dawa iliyopakwa kuitibu. Usiipake usoni wala kwenye kope, na usiwape wanaotafuta weupe. Hiyo ni hadithi nyingine ya kusikitisha.

Kwa matibabu, kwanza kabisa kugusa piko kukome, la sivyo mengine yote ni kupoteza pesa. Ikiwa malengelenge yamepasuka na yanatoa maji, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kidogo cha chumvi, yaache yapoe, loweka kitambaa safi cha pamba, ukiweke juu ya mkono dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku. Usitumie ndimu. Najua wapambaji mna ndimu mkononi kila wakati kwa ajili ya hina, lakini kwenye ngozi iliyochubuka inachoma, na ukitoka juani ikiwa bado ipo inaacha madoa meusi ya miezi.

Maji yakikauka, daktari atakuandikia steroidi tupu, isiyochanganywa, ya namna ya mafuta mazito. Kwa mikono ya mtu mzima betamethasoni ya asilimia 0.1 mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki moja mpaka mbili, mara nyingi hutosha. Viganja vigumu wakati mwingine huhitaji iliyo kali zaidi. Kipimo ni rahisi: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye pingili ya kwanza unatosha mkono mmoja, mbele na nyuma. Kwenye kope, daktari tu ndiye aamue. Vidonge vya mzio vya kawaida havitibu aina hii; vile vinavyoleta usingizi vitakusaidia kulala, basi. Ukiona usaha, magamba ya manjano, maumivu yanayopwita au homa, bakteria wameshaingia, na hapo antibaiotiki ya kumeza inaweza kuhitajika.

Baada ya kila kunawa, mikono ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Yanayonukia ua hili na lile yaache dukani, maana manukato nayo ni vizio, na hata mafuta ya karafuu mnayotia kwenye hina yana eujenoli inayowadhuru baadhi ya watu. Endelea na mafuta hata mikono ikionekana imepona, kwa sababu ngozi ya ndani huchukua miezi kadhaa kurudisha nguvu zake.

Glavu zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ulitaraji zingekukinga. Zile nyeupe za mpira wa asili ni nyembamba na PPD inapita baada ya muda. Ikipita inabaki ndani, kwenye jasho, imebanwa kwenye ngozi kwa saa nzima, na hapo ni afadhali ungekuwa mkono mtupu ukanawa mara moja. Isitoshe, katika kutengeneza mpira huwekwa kemikali ambazo nazo huleta mzio. Dalili yake ni wekundu unaokatika kwa mstari ulionyooka pale glavu inapoishia. Tafuta za naitrili, mara nyingi ni za bluu au nyeusi. Hazikupi ruhusa ya kuendelea na piko. Ni za kusafishia vyombo vyake kwa mara ya mwisho, na za kazi nyingine zenye kemikali. Vaa mikono ikiwa mikavu, zivue ukimaliza, zitupe. Glavu iliyogeuzwa ndani nje ikavaliwa tena inakupaka kile ulichokuwa unakikimbia.

Usijipime mwenyewe kwa kupaka piko nyuma ya sikio. Kwa mtu mwenye mzio, tone hilo linaweza kukuvimbisha kichwa kizima. Kipimo cha hospitali hubandikwa mgongoni: vijisahani vidogo vyenye vizio mbalimbali, PPD ikiwa asilimia 1 tu ndani ya mafuta ya mgando, vinakaa saa 48 bila kuloweshwa, kisha mgongo unasomwa siku ya pili na tena siku ya nne. Si kila hospitali ina vifaa hivyo, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda boti. Kliniki za ngozi zipo Muhimbili, na Moshi katika hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Wanafunzi wake wametawanyika mikoani, huenda yupo karibu nawe.

Kipimo kikithibitisha, ujue pia ni nini kingine cha kukwepa. Rangi nyeusi ya nywele usiiguse tena maishani, yako wala ya mama yako. Mwambie daktari wa meno kwamba una mzio wa PPD, maana ganzi ya benzokeni inafanana nayo. Ya lidokeni haina shida hiyo. Nguo nyeusi mpya, zinazotoa rangi, zifue kabla ya kuvaa.

Na kazi? Ya hina unaweza kuendelea nayo mikono ikishapona, kama hina ni unga wa majani uliosaga mwenyewe au unaomwamini muuzaji. Koni za tayari zinazojitangaza kwamba zinatoa weusi kwa nusu saa si hina, hata zikiandikwa hivyo. Piko iache, na si kwa ajili ya mikono yako peke yake. Bibi harusi anaweza kutoka malengelenge yenye umbo la ua lile lile ulilomchora, siku kumi baada ya harusi, likabaki alama nyeupe. Na miaka ijayo akitia nywele rangi akaamka uso umevimba, hatakumbuka mzio wake ulianzia wapi. Watoto usiwapake kabisa. Hata hina halisi iepushe na vichanga, kwa sababu katika pwani yetu wapo wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hina inaweza kuvunja damu yao. Kopo la piko lililobaki lifungie mbali: likimezwa linafunga koo na kuua figo, na Sudani madaktari wanayajua vizuri mauti hayo.

Maharusi watatu wa mwezi ujao waite mapema, si siku ya shughuli. Waambie utawapaka hina peke yake, ipakwe siku mbili kabla, ikae usiku kucha bila kuguswa na maji, ili ikolee vizuri siku ya siku. Atakayesisitiza piko mpe mwingine, na ukipenda mwambie kwa nini.

Ukienda kliniki, beba tyubu uliyopewa, glavu moja, pakiti ya piko iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ile kalenda, na picha za simu za mikono ilipokuwa mibaya zaidi, maana siku ya miadi huwa imetulia. Mgongoni usipake steroidi wiki nzima kabla, na kama unameza prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, umwambie daktari. Dawa hizo huficha jibu la kipimo.