Kabla hujavusha shoo yako mpaka wa Manyovu kwenda Burundi, soma hii kwanza

Kila kiangazi kikiingia lazima kuna kikundi hapa Kigoma kitanitafuta, "kaka tunataka kwenda kupiga shoo Bujumbura, tupe mwongozo", halafu maswali yao yote ni promota gani mwaminifu na Coaster ya kukodi bei gani. Hayo yanazungumzika. Mimi huwa nawauliza hivi: hapa nyumbani watu wanacheka sehemu gani, na ili wacheke inabidi wawe wanajua nini tayari? Wengi wanabaki kunitolea macho, maana ukishazoea kucheza Mwanga na Ujiji unaona kicheko kinatoka kwako wewe, kumbe nusu ya kazi anaifanya yule aliyekaa kwenye benchi, na ukivuka mpaka yule mtu unamwacha huku huku.

Igizo letu lililotembea sana linahusu mtendaji wa kijiji ambaye Mwenge wa Uhuru, ule unaokimbizwa nchi nzima ukizindua miradi, unakuja kuzindua kisima chake na kisima hakina maji, sasa wanahangaika usiku kucha kuficha simtanki nyuma ya mgomba ili bomba litoe maji mgeni rasmi akifungua. Hapa kwetu mtu akisema tu "Mwenge unapita Jumamosi" ukumbi unalipuka, hujaeleza kitu. Tulipokuwa tunajiandaa kwenda Rumonge, Burundi, tukamkaribisha mazoezini mzee mmoja wa kule aliyekuwa huku kwa biashara zake, akaangalia mpaka mwisho kwa adabu zote, halafu akaniuliza, "mdogo wangu, hawa watu wanaogopa moto?"

Tukakaa chini na skripti. Maelezo marefu ya nini maana ya Mwenge hatukuyataka, yanaboa, badala yake tukamwingiza shemeji wa mtendaji, Mrundi amekuja kutembea, yeye haelewi chochote na anauliza maswali ya kijinga kila dakika na mtendaji anamjibu kwa hasira huku anavuta mpira wa maji. Yule shemeji ndo akawa mhusika anayependwa kuliko wote, hata shoo za huku tumembakiza.

Na hii sio mambo ya sisi wadogo tu. Les Misérables, igizo la nyimbo, ilianza Paris mwaka 1980, na kwa Wafaransa hadithi ya Jean Valjean, yule mfungwa wa zamani, ni kitu wamekua nacho, kwa hiyo igizo lilianzia kiwandani jamaa akiwa tayari tajiri na hakuna aliyeuliza katokea wapi. Walipoipeleka London 1985 wakaongeza utangulizi, unamuona anatoka kifungoni, anamwibia askofu, askofu anamkingia kifua mbele ya askari. Bila kile kipande Mwingereza asingejua kwa nini amhurumie. Wahakiki waliiponda mwanzoni ila watu wakaijaza na mpaka leo London bado inapigwa.

Sarafina! nayo, igizo la nyimbo la Mbongeni Ngema, ilitoka Market Theatre Johannesburg 1987, mwaka uliofuata iko Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, na ikakaa mpaka 1990. Vijana wenyewe wa Afrika Kusini jukwaani, muziki wao, maandamano yao ya Soweto. Mimi naona ilibebwa na kitu kimoja ambacho watu wanakisahau, kwamba Mmarekani wa miaka ile alikuwa anaona habari za ubaguzi wa rangi kwenye TV yake, anafika ukumbini nusu ya hadithi anayo kichwani. Sasa usije ukasema "mbona Sarafina walipeleka kama ilivyo", wewe shoo yako nani ameitangaza kwenye taarifa ya habari?

Kuna upande wa pili na huu ndo unaoumiza zaidi. Enron ya Lucy Prebble ilikuwa gumzo London 2009, inahusu kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika 2001. Wakaipeleka Broadway Aprili 2010, haikumaliza hata wiki mbili tangu ifunguliwe rasmi. Mmarekani anaijua Enron, wengine wamepoteza pensheni zao humo, halafu wanatoka watu Uingereza wanakuja kumwigizia msiba wake kwa madoido na nyimbo. Wengine wanasema gazeti kubwa la New York ndo liliiua na inawezekana lilichangia, ila mimi bado naamini mwenye kidonda hapangiwi kicheko na mtu mwingine. Carrie ndo usiseme, igizo la nyimbo, hadithi ya sekondari ya Kimarekani wameijaribia Stratford Uingereza mapema 1988, wakafungua rasmi Broadway Mei, maonyesho 5 tu ikafungwa na mamilioni ya dola yakaenda na maji. Unajaribia kwa watu ambao hiyo shule hawajaisoma, utajuaje kama imekaa sawa?

Ndo maana vikundi vinavyoniletea maigizo ya wakimbizi wa Kirundi wa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, wanataka kuyapeleka Bujumbura huwa nawazuia. Sio kwamba hayagusi, yanagusa. Lakini anayekaa pale mbele ni mwenye hadithi, na wewe umeiandikia Kasulu. Tafuta mwandishi wa kule mkae wote toka ukurasa wa kwanza, au peleka kitu kingine.

Kingine, chagua mtaa kabla ya ukumbi. Watu wanakimbilia katikati ya mji kwa sababu ukumbi una viti vizuri na taa, wakati Kiswahili kimelala Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na Rumonge ndo kabisa. Na hata huko, au ukivuka ziwa kwenda Uvira kule Kongo, Kiswahili chao kina mwendo wake, masikio yanachukua kama dakika kumi kuwazoea waigizaji wako, kwa hiyo jambo la maana usiliweke mwanzoni kabisa. Anza na ngoma, anza na ugomvi, kitu cha macho.

Ukisema ngoma hapo simama kidogo. Burundi kuna amri ya rais ya mwaka 2017 inayokataza wanawake kupiga ngoma za jadi, na maonyesho ya ngoma hizo yanataka ruhusa ya wizara. Sisi mpiga ngoma wetu mkubwa ni dada, mwenyeji wetu akatushtua mapema, dada akahamia kwenye kayamba na kuimba. Haikunoga kama ya nyumbani, siwadanganyi, ila shoo ilipigwa. Muulize mwenyeji vitu vya namna hii kabla hata ya bei ya kiingilio. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kishughulikie mapema, na spika, mixer na nyaya zote ziandikie orodha watu wa forodha wakugongee muhuri pale Manyovu unapotoka, la sivyo siku ya kurudi utaulizwa umezinunua wapi.

Halafu shoo mbili usizipange siku zinazofuatana hata promota akilia. Acha siku katikati ya kukata na kuunga, maana ya kwanza ndo itakuonyesha wapi pamelala. Rumonge siku hiyo ya katikati tulifyeka hotuba nzima ya mtendaji, ile ambayo Ujiji watu hupigia makofi wamesimama, na jamaa anayecheza mtendaji alinuna mpaka tunagongewa paspoti Manyovu.