Seli za Kware Ndani ya Kifaranga

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mwalimu wetu alitutajia Nicole Le Douarin wa Ufaransa, aliyepandikiza seli za kware katika kiinitete cha kuku. Alizitambuaje baadaye, na aligundua nini? – Mwanafunzi wa chuo, Morogoro

JIBU: Alizitambua kwa kiini cha seli. Katika seli ya kware wa Kijapani kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, hujikusanya donge moja kwenye nukleoli, kile kidoa kilicho ndani ya kiini. Katika seli ya kuku imetawanyika. Ukitia rangi ya Feulgen, inayoshika DNA, donge hilo huonekana wazi kwa hadubini ya kawaida. Rangi zilizopakwa juu ya seli hapo awali zilififia kadiri seli zilivyogawanyika. Alama hii haififii, kwani kila seli mpya huzaliwa nayo. Aliichapisha mwaka 1969, miaka mitano baada ya kupata udaktari. Kabla ya utafiti alifundisha sekondari.

Upandikizaji wenyewe unadai mkono mtulivu. Mayai hulazwa ubavu katika nyuzijoto 38 kwa siku 2 hivi. Umri wa viinitete hulinganishwa kwa kuhesabu somiti, yaani vile vipingili vya mgongoni, si kwa saa, kwa sababu kware hukua haraka: huanguliwa siku ya 17, kuku siku ya 21. Kwanza vuta kwa sindano mililita 2 au 3 za ute, kiinitete kishuke mbali na ganda. Usipofanya hivyo, mkasi utakikata unapofungua dirisha kwenye ganda. Kipande cha mrija wa neva wa kuku, yaani ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hutolewa, cha kware huwekwa palepale, upande wa kichwa ukielekea kichwani. Kisha dirisha huzibwa kwa utepe. Ukipitisha hewa, kiinitete hukauka na kufa.

Kwa njia hiyo alifuatilia seli za ukingo wa neva, yaani zile zinazotoka juu ya mrija huo na kusafiri mwilini. Zinazotoka somiti ya 1 hadi ya 7 huenda kuunda neva za utumbo. Za 18 hadi 24 huingia kwenye tezi ya adrenali, iliyo karibu na figo. Jambo kubwa zaidi ni hili: akizihamishia hizi za adrenali shingoni, nazo huunda neva za utumbo. Kumbe mazingira ya seli huamua mengi.

Vifaranga waliopandikizwa hivyo huanguliwa na kutembea, wakiwa na manyoya ya rangi ya kware palipopandikizwa. Baada ya wiki kadhaa kinga ya kuku hushambulia neva za kigeni na mabawa hulegea, isipokuwa kama kiinitete kilipandikizwa pia tishu ya thaimasi ya kware, tezi ambamo seli za kinga hukomaa.