Maswali na Majibu: Nice, Menton na Pwani ya Kusini mwa Ufaransa

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu Côte d'Azur, pwani ya kusini-mashariki mwa Ufaransa inayopita Cannes, Antibes, Nice na Monaco hadi Menton, mpakani na Italia. Nimechagua chache.

Nasikia kule ni kwa matajiri. Mtu wa mshahara wa kawaida ataweza? (Mombasa)

Ataweza, kaka, akichagua vizuri pa kulala. Usilale Monaco wala Cannes. Lala Nice, karibu na stesheni kuu, na miji mingine uiendee kwa treni asubuhi na kurudi jioni. Treni za mkoa, wenyewe huziita TER, zinafuata bahari: Villefranche, Beaulieu, Èze, Monaco, Menton, hadi Ventimiglia upande wa Italia. Nice hadi Menton ni kama dakika 40. Ukitoka Nice kaa kulia, ndiko bahari iliko. Na kutoka uwanja wa ndege kuna tramu mpaka mjini, kwa hiyo teksi ya nini?

Bahari yenyewe hailipiwi. Vile vitanda na miavuli iliyopangwa safu ni vya kukodi, tena ghali, lakini pembeni yake pana ufuo wa umma. Tandika kanga yako ukae. Tena kuna sheria ya mwaka 1976 inayompa mwenda kwa miguu njia ya mita tatu kando ya bahari, hata mbele ya viwanja vya watu binafsi. Ndiyo maana unaweza kuizunguka rasi ya Cap Ferrat, penye majumba ya watu matajiri sana duniani, ukipita chini ya kuta zao bila kuomba ruhusa ya mtu. Hilo nalipenda kuliko jambo lolote la pwani ile, na natamani liigwe kwetu, ambako vichochoro vya kwendea baharini vinazidi kuzibwa na kuta za hoteli.

Fukwe zao zina mchanga kama zetu? Naenda na watoto. (Tanga)

Nice hakuna mchanga, dada. Ni kokoto za kijivu, laini, nyingine kubwa kama andazi, na mchana wa Julai zinaunguza nyayo. Wimbi likirudi nyuma unazisikia zikigongana. Wanunulie watoto viatu vya mpira vya kuogelea kabla ya jambo lingine lolote. Mkitaka mchanga nendeni Juan-les-Pins, au Gravette, ufuo mdogo ulio chini ya kuta za mji mkongwe wa Antibes, ambako maji yametulia.

Kitakachokushangaza zaidi, wewe uliyekulia Tanga, ni kwamba bahari ile haipwi wala haijai kwa kiasi cha kuonekana. Mediterania imezungukwa na nchi karibu pande zote, na mlango wake wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 hivi tu. Kwetu bamvua huweza kufikia mita nne. Kule tofauti ni sentimita kadhaa. Unaoga saa yoyote. Lakini sakafu ya Nice inashuka ghafla: hatua chache tu kutoka ukingoni, mtu mzima hagusi chini. Watoto usiwaachie mkono.

Mimi huogelea nikiwa nimejisitiri. Nitasumbuliwa? (Leicester)

Swali lako ni la haki. Mwaka 2016 mameya kadhaa wa pwani hiyo, wakiwemo wa Cannes na Nice, walipiga marufuku burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima, ufukweni. Mwezi Agosti mwaka huohuo Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya mambo ya utawala, ilisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet, kwa hoja kwamba inavunja uhuru wa msingi wa watu. Wapo mameya waliojaribu tena baadaye, basi uliza mji unaokwenda kabla hujafika. Mabwawa ya kuogelea ya manispaa ni habari nyingine: mengi hayakubali vazi hilo. Baharini ndiko kwenye nafasi.

Viza ya Ufaransa inatosha kuingia Monaco na Italia? (Dar es Salaam)

Inatosha, maadamu ni ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Omba mapema, unaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Pasipoti tembea nayo. Tangu 2015 polisi wa Ufaransa hukagua treni zinazotoka Ventimiglia, na sisi weusi ndio tunaoulizwa karatasi kwanza. Inaudhi, lakini usikubali ikuharibie siku.

Chakula halali kinapatikana? (Zanzibar)

Nice kuna bucha na mikahawa mingi ya watu wa Afrika Kaskazini. Ila usiondoke bila kula socca. Ni unga wa dengu, uleule wa bajia, maji, mafuta ya zeituni na chumvi. Humiminwa kwenye sinia pana la shaba, likaingia tanuri la kuni. Hutoka kingo zimeungua kidogo na katikati laini, wakakukwangulia vipande, ukanyunyiza pilipili manga na kula kwa vidole ingali moto.

Shikamoo. Nampeleka mama, magoti yanamsumbua. Twende wapi? (Nairobi)

Marahaba, mwanangu. Kijiji cha Èze kiacheni: stesheni iko chini baharini, kijiji kiko juu mlimani zaidi ya mita 400, na ndani ni ngazi tupu. Mpeleke Promenade des Anglais ya Nice, tambarare kilomita saba, ina viti vya kupumzikia. Nendeni Mei au Septemba. Septemba maji bado yana joto na umati umepungua. Asubuhi mpitishe soko la Cours Saleya akaone maua na mboga, lakini isiwe Jumatatu, maana siku hiyo meza zote ni za vitu vya kale.