Altaneta ikifa angani

SWALI: Ndege ninayojiundia ina mfumo wa cheche wa kielektroniki na pampu ya mafuta ya umeme. Betri ya pili inatosha altaneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) ikifa?

JIBU: Inategemea uliipima lini. Mkanda wa altaneta ulinikatikia angani. Betri yangu ya akiba, iliyoandikwa ampea-saa 18, ilishazeeka ikanipa dakika chache tu. Kwenye karatasi, mzigo wa ampea 12 ungeipa saa moja na nusu. Karatasi hairuki! Ukiwa chini, zima altaneta, washa vyote vya lazima, shika saa mpaka volti zishuke hadi 11. Rudia kila mwaka. Itenge betri ya akiba kwa dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), isinyonywe na betri kuu. Wenye magneto (kifaa kinachojitengenezea umeme wa cheche bila betri) hawana shida hii kwenye cheche, nawaonea wivu.