Kurekebisha Kumbukumbu za Utumishi Jeshini: Niliyoyapitia Mimi Mstaafu wa Lamu

Nilijiunga na jeshi mwaka 1979, kijana wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, na nikastaafu baada ya miaka 21 bila kuwahi kuliona jalada langu likiwa wazi mbele yangu. Nilipoanza kupanga haki za mke wangu, endapo nitatangulia mimi, ndipo nilipoomba nakala ya kumbukumbu zangu za utumishi, na humo nikakuta makosa matatu. Jina langu, Athman, lilikuwa limeandikwa Othman, na la baba yangu, Shee, lilikuwa limegeuzwa Sheikh. Siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa tarehe 1 Januari, ambayo siyo. Na miezi niliyoitumikia Namibia haikutajwa popote. Nawaandikia wazee wenzangu wa pwani, pamoja na watoto wao wanaowaandikia barua, kwa sababu makosa haya si yangu peke yangu, na njia ya kuyaondoa ipo.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Nilieleza utumishi wangu wote, machungu yangu yote, na namna nilivyoona nimedharauliwa, na ofisi niliyoipelekea haikunijibu. Niliposoma tena nakala yake baada ya miezi kadhaa niliona kwamba karani aliyeipokea asingeweza kujua ni mstari upi nilitaka ubadilishwe. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: msiombe masahihisho kabla ya kuwa na nakala ya ukurasa wenye kosa, na mkishaipata, taja ukurasa, taja mstari, andika maneno yaliyomo, kisha andika maneno yanayopaswa kuwemo.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inakwenda mbali zaidi: ombi la habari linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ofisi ya umma inapaswa kulijibu ndani ya siku 21, na masahihisho ya habari zako binafsi hufanywa kwa gharama ya ofisi yenyewe, si yako. Ombi la masahihisho liseme wazi kwamba ni ombi la masahihisho, lionyeshe habari hiyo ina kasoro gani, na litaje unachotaka kifanyike. Mambo ya usalama wa taifa yana kinga yake katika sheria hiyo hiyo, kwa hiyo msiombe orodha za kikosi wala taarifa za operesheni. Ombeni kurasa zinazowahusu ninyi wenyewe. Mkinyimwa, mnaweza kuomba uamuzi huo upitiwe na tume ya malalamiko ya wananchi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman, nanyi mfanye hivyo ndani ya siku 30.

Suala la jina ndilo linalowapotezea watu wetu fedha nyingi. Sisi huku Athman, Othman na Uthman kwetu ni jina moja, Bakari na Abubakar vilevile, na mtu aliyeitwa Shee tangu utotoni hashangai kuitwa Sheikh na mgeni. Kwenye karatasi, hata hivyo, hao ni watu wawili, na mjane mwenye cheti cha ndoa cha Kadhi chenye jina moja na hati ya pensheni yenye jina jingine atazungushwa akiwa bado yuko katika eda. Nilishauriwa nikabadilishe jina rasmi na kulitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Nilikataa, na naamini nilifanya vyema, kwa sababu anayebadilisha jina anakiri kwamba jina la kwanza lilikuwa lake na sasa ameliacha, ilhali mimi sikuwahi kuwa Othman. Nilichokifanya ni kuapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili yanamhusu mtu mmoja mwenye nambari moja ya jeshi, nikaambatanisha cheti cha shule na kitambulisho, nikaomba jalada litiwe maelezo ya kuniunganisha na jina langu sahihi. Nambari ya jeshi haina tahajia mbili, kwa hiyo iandikeni juu ya kila karatasi mnayoituma.

Habari ya Namibia ilikuwa ngumu zaidi. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tatu, pamoja na Finland na Malaysia, zilizopeleka batalioni za askari wa miguu katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioitwa UNTAG, ulioanza Aprili 1989 na kukamilika nchi ile ilipopata uhuru Machi 1990. Mimi nilikwenda nikiwa nimeazimwa kutoka kikosi changu kwenda kingine, na ni katika kuhamahama kwa namna hiyo ambako kumbukumbu za askari hupotea, kwa kuwa kikosi cha kwanza huacha kukuandika na cha pili hakikuhesabu kuwa wake. Kaanzeni kutafuta hapo.

Nishani ya ujumbe huo ninayo, lakini haina jina langu, na nishani isiyo na jina haithibitishi ni nani aliyeivaa kwanza. Kilichonisaidia kilitoka katika kasha la marehemu mama yangu, alimokuwa akiweka barua zangu zote. Mojawapo niliiandika Novemba 1989, wiki ya uchaguzi wao, nikimweleza foleni za wapiga kura zilizoanza kabla ya alfajiri. Bahasha yake bado ina mhuri wa posta wa Windhoek na tarehe inayosomeka. Karatasi iliyoandikwa wakati jambo likitendeka, na mtu asiyejua kwamba siku moja kutatokea ubishi, ina uzito kuliko kiapo chochote cha leo. Viapo nilivipata pia, kwa wenzangu wawili, mmoja akiwa Malindi, na nilimwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake aliyoyaona, kwa sababu viapo viwili vyenye sentensi zilezile husomwa kama kimoja.

Tarehe ya kuzaliwa niliiacha kama ilivyo. Mama alijua kwamba nilizaliwa Mfungo Sita, yaani Rabiul-Awwal, na marehemu babu aliandika mwaka 1378 wa Hijria nyuma ya kitabu chake, ambao kwa mwezi huo unaangukia Septemba au Oktoba 1958. Lakini niliandikishwa, nikapandishwa cheo na nikastaafishwa kwa tarehe ya jeshini, na kuibadilisha kungefungua hesabu zilizokwisha kufungwa bila kumwongezea mke wangu chochote. Chagueni mnachokidai.

Msitume nakala halisi ya kitu chochote, wala msimkabidhi dalali anayewaambia kwamba ana mtu wake Nairobi. Tumeni kwa posta ya rejista na mtunze stakabadhi. Mkienda wenyewe, pelekeni barua mbili, moja igongwe mhuri wa kupokewa na mrudi nayo. Mimi nilivuka kwa chombo hadi Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi mara mbili kwa ajili ya jambo hili, na mara ya pili ni ule mhuri uliowafanya waitafute barua waliyosema haijafika.

Majibu yalikuja baada ya miezi 14. Jina limetiwa maelezo, na Namibia imeingizwa kwa tarehe zake. Nakala moja iko kwa wakili, na nyingine nimeiweka katika kasha lile la mama, pamoja na cheti cha ndoa, na mke wangu anajua ufunguo ulipo.